Mzigo wa Pikapu Ushikwe na Kamba, Usishikwe na Mtu

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu madereva, mama zangu mnaonunua mboga shambani, na ninyi vijana mnaopakia, nashukuru mmekuja hata siku ya gulio. Leo sizungumzii leseni wala bima. Nazungumzia kazi mnayoifanya kila alfajiri hapa Lushoto kabla gari halijateremka Mombo, yaani kupanga na kufunga mzigo kwenye bodi.

Naanza na linaloniuma. Tangi la maji linapakiwa, kamba hakuna, kijana anaambiwa, “Panda ulishikilie.” Magodoro ni hivyo hivyo, makochi ni hivyo hivyo. Tenga za nyanya zikipita kimo cha kabini, vibarua wanakalishwa juu ili zisicheze. Mwenye mzigo anaona ameokoa hela ya kamba. Jamani, mtu haiwezi kazi hiyo! Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake, na usiende pembeni wala nyuma kwa asilimia 50. Sasa chukua mifuko kumi ya saruji, kila mmoja kilo 50. Dereva akikanyaga breki ya ghafla, ni kama kilo 400 zinasukuma kuelekea kabini, na kwenye mteremko wetu zinaongezeka. Kijana gani atazizuia kwa mgongo? Tena yeye mwenyewe ni mzigo, hana mkanda, na kona ikimrusha hakuna cha kumdaka isipokuwa bonde.

Tangi tupu linatudanganya kwa wepesi wake. Adui yake ni upepo. Mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, nguvu ya upepo inakuwa mara nne. Ndiyo maana tangi linaweza kutulia kwenye kona zote za Soni, halafu likaanza kunyanyuka kwenye barabara kuu iliyonyooka, na aliyelikumbatia akaondoka nalo.

Basi mzigo ushikwe na nini? Kwanza na gari lenyewe. Wengi wetu tunakimbilia kamba kabla ya kupanga. Sukuma mzigo mpaka uguse ukuta wa mbele wa bodi, nyuma ya kabini. Ukiacha pengo, siku ya breki mzigo unapata mahali pa kuchukua kasi, na utafika kwenye ukuta ule kama nyundo. Pengo likibaki, lijaze kwa mbao, kwa tairi la akiba, kwa magunia yaliyojaa vizuri. Vitu vizito vikae chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukivirundika vyote karibu na mlango wa nyuma, pua ya gari inainuka na usukani unakuwa mwepesi mikononi. Dereva aliyewahi kuteremka hivyo anajua ninachosema.

Viazi chini, nyanya juu, hilo hamhitaji kufundishwa. Ila lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake! Gunia lenye kilemba haliketi juu ya mwenzake. Linabingirika, na kamba ikipita juu yake inateleza. Wakala wa Vipimo wanalipiga vita kwa sababu mkulima anapunjwa, na wako sahihi. Mimi ninalikataa pia kwa ajili ya yule anayepita na bodaboda nyuma ya pikapu yako.

Sasa kamba. Kamba inayopita juu ya mzigo haiuvuti kurudi nyuma, inaukandamiza chini. Mkandamizo huo ndio unaofanya mzigo ung'ang'anie sakafu. Kwa hiyo tazama inavyoshuka. Ikishuka wima, nguvu yake karibu yote inakandamiza. Ikilala kwa nyuzi 30 kutoka sakafuni, ni nusu tu inayokandamiza, hata ukaze mpaka viganja vichubuke. Mzigo mfupi na mzito, kama pampu ya kumwagilia, usiufunge kwa kamba moja ya juu. Ufunge kila pembe kwa kamba yake, mbili zivute mbele na mbili zivute nyuma.

Ile mipira tunayokata kwenye tyubu kuukuu ni mizuri kwa kushika turubai lisipepee. Mzigo usiufunge kwa mpira, kwa sababu mpira unavutika, na mzigo ulioanza kutembea utautembeza. Kamba ya plastiki iliyokaa juani miezi mingi inachakaa. Ikunje, ukiona nyuzi zinamwaga unga, itupe. Ya katani ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea, kwa hiyo ukifunga wakati wa ukungu wa asubuhi ujue itakulegezea jua likitoka. Mwenye uwezo anunue mikanda mipana yenye kifaa cha chuma cha kukazia. Na penye ukingo mkali, kama bati, weka kipande cha gunia chini ya kamba.

Nondo sitazisema sana. Zina urefu wa mita 12, pikapu si gari lake. Kitambaa chekundu kinamwonya wa nyuma tu, hakizuii kitu.

Mwisho, kufunga mara moja hakutoshi. Mzigo unajipanga upya kila tuta na kila kona, magunia yanashuka, na kamba iliyokuwa ngumu Lushoto inakuwa legevu kabla ya Soni. Simameni pale Soni, utingo ashuke, azunguke gari lote, abonyeze kila kamba na kukaza upya. Simameni tena Mombo kabla ya kuingia barabara kuu, maana kutoka hapo mwendo unaongezeka na upepo nao. Anayetaka kusafiri na mzigo akae ndani ya kabini na mkanda wake. Nafasi ikiwa imejaa, apande basi, na nauli hiyo ailipe mwenye mzigo.