Picha Inayozunguka Ndani ya Darubini

Ndugu zangu, Januari hii tokeni nje saa mbili usiku mtazame mashariki. Mtaliona kundi la nyota la Orioni: Betelgeuse yenye wekundu iko kushoto, Rigel nyeupe iko kulia. Amkeni tena saa tisa usiku, mgeukie magharibi. Betelgeuse imehamia kulia, Rigel kushoto. Nyota ni zilezile, ila zimepinduka machoni penu.

Darubini nayo huona hivyo hivyo. Ile ya Hale, iliyozinduliwa California mwaka 1948, ilifungwa kwenye mhimili ulio sambamba na mhimili wa dunia, hivyo picha yake ilitulia. Lakini kadiri vioo vilivyokua, kitako cha namna hiyo kilizidi kuwa mzigo. Darubini nne za Paranal, katika jangwa la Atacama nchini Chile, kila moja na kioo cha mita 8.2, hugeuka kando na kuinuka kama mzinga wa vita. Nyota inayofuatwa hubaki katikati. Zilizo pembeni huizunguka polepole. Ukiacha hivyo nusu saa, pembeni unapata michirizi iliyopinda badala ya nukta.

Kwa hiyo kifaa chenyewe kinachopokea mwanga wa darubini huzungushwa. Pale Paranal kuna KMOS, kifaa cha kuchambua mwanga chenye mikono 24, kila mmoja ukielekezwa kwenye galaksi yake. Kisipozunguka, mikono ya pembeni itapoteza galaksi zake, hata darubini ifuate vizuri namna gani.

Na hapa ndipo ninapowaheshimu mafundi. Kifaa kile kina nyaya za umeme, nyaya za data, mabomba ya kukipoza. Kikizunguka peke yake, vyote vitajisokota kama kamba ya mbuzi aliyeuzunguka mti. Basi nyaya zimewekewa chombo chao, kinachozunguka sambamba na kifaa. Hata hicho kina mwisho wake. Kabla ya kuanza kupiga picha ni lazima ujue kama mwisho huo utafikiwa katikati ya kazi; ukifikiwa, kazi inasimama, kifaa kinarudishwa nyuma.

Kasi nayo haiko sawa. Nyota inayopita digrii 5 kutoka utosini, yaani juu kabisa ya kichwa, hulazimisha kifaa kizunguke, kwa dakika chache zile, kwa kasi inayozidi digrii 130 kwa saa. Utosini penyewe hakuna mtambo wa aina hii unaoweza kufuata. Alnilam, nyota ya katikati ya mkanda wa Orioni, hupita karibu kabisa na utosi wa Nairobi. Darubini ya aina hii ikijengwa pale, kila ikifika saa hiyo itabidi waiache ipite, kisha waipokee upande wa pili.