Shokapu haibebi mzigo: mhadhara kwa wenye pikapu za fowili

Wazee, madereva na wote wenye pikapu, asanteni kwa kufika. Naomba niingie moja kwa moja maana hili jambo nimeshalisema kila gereji niliyopita na bado watu wanakuja wameshatoa hela kununua shokapu ngumu, wakidhani zitainua gari iliyolala. Shokapu haibebi mzigo. Shokapu hainyanyui gari. Inayobeba gari ni springi, kazi ya shokapu ni kuituliza hiyo springi ikishagonga shimo isiendelee kurukaruka, basi. Nitaongelea Hilux kwa sababu naona ndiyo zimejaa hapo nje, kuanzia toleo la Vigo la 2005 mpaka lile la Revo, mbele koili (springi ya kuzunguka) na shokapu zimefungwa pamoja, nyuma springi pati (majani ya chuma yaliyopangwa juu ya jingine) na ekseli moja ngumu, ule mhimili unaounganisha matairi mawili. Mwenye Ranger au Navara asiondoke, mengi ni yaleyale.

Kuna kaka mmoja anabeba vitunguu kutoka Mang'ola kupandisha Karatu. Gari yake ilikuwa imelala nyuma, akaenda dukani akaambiwa chukua shokapu ngumu, akachukua. Zikavuja. Akarudi akauziwa za bei juu zaidi, safari hii moja ikang'oa sikio lake la chini, lile la kwenye ekseli, kabisa. Akaja kwangu anataka nichomelee sikio halafu nimtafutie shokapu ngumu kuliko zile! Nikamwambia kaka subiri kwanza. Tukachukua brashi ya waya, tukasugua tope lililoganda kwenye springi ya kushoto, na palepale karibu na bolti ya katikati jani la pili limekatika, mkato una kutu, maana yake limekatika siku nyingi na yeye anaendelea kupakia. Majani yaliyobaki yamelala bapa hata kabla ya mzigo. Sasa springi ikiwa bapa, ekseli ina nafasi gani ya kupanda? Haina. Kila shimo shokapu inafika mwisho, chuma kwa chuma, na uzito wote wa vitunguu unaishia kwenye ile rodi nyembamba na kile kisikio. Hapo shokapu ina kosa gani? Tukamfungia springi mpya za mzigo wake pande zote mbili, shokapu tukaweka za kawaida tu zinazoendana na zile springi, na gari mpaka leo inapanda na vitunguu.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mbona mimi nilifunga shokapu za gesi na gari ikapanda. Ilipanda milimita ngapi, ulipima? Ile gesi ni naitrojeni na kweli inasukuma rodi itoke kidogo, lakini haikuwekwa pale kunyanyua gari, imewekwa kuibana oili isitoe povu. Shokapu inafanya kazi kwa kupitisha oili kwenye vitundu vidogo vya pistoni, na kule kurukaruka kote kunageuka kuwa joto. Piga barabara yenye mawimbi, ile ya kutoka Ngorongoro kushuka Naabi, geti la Serengeti, mnaijua, nenda nayo bila kupumzika halafu simama usogeze mkono karibu na shokapu (usiishike, itakuunguza). Oili ikichemka hivyo na ikatoa povu, pistoni inapita kwenye hewa, gari inaanza kuelea na kukwepa barabara kwenye kona, dereva anadhani ni tairi.

Ndiyo maana nikiulizwa ipi bora, shokapu ya bomba moja au ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine, nauliza kwanza unaendesha wapi. Ya bomba moja inapoa vizuri zaidi kwa sababu oili imegusana na ukuta wa nje, ila ukuta huohuo ndimo pistoni inamotembea, jiwe likiubonyeza vizuri pistoni inakwama na shokapu imekufa. Ya mabomba mawili inavumilia jiwe lakini inachoka na joto mapema. Mwenye kushinda kwenye mawimbi kwa kasi achukue bomba moja iliyo nene, mwenye kutambaa kwenye mawe na mashamba abaki na mabomba mawili ya gesi, na zipo pia zilizowekwa sponji maalumu ndani badala ya gesi huru, hizo nazo zinavumilia povu vizuri. Msinunue kwa jina au rangi ya boksi.

Sasa kunyanyua. Kabla hujaniambia unataka inchi ngapi, niambie gari yako inabeba nini kila siku. Siyo mzigo wa siku moja ya kuhama nyumba, ule usioshuka. Bampa la chuma na winchi mbele ni kilo 80, 100 na zaidi. Tenki la maji la lita 200 ni kilo 200 likijaa. Keria, hema la juu, toolboksi, jirani zako wanne. Hilux nyingi zinaruhusiwa kama tani moja na hapo abiria wamo ndani ya hesabu. Springi nzuri zinauzwa kwa madaraja ya mzigo wa kudumu, kuna ya gari tupu, kuna ya kilo 300, kuna ya 500, na ukifunga ya 500 kwenye pikapu inayotembea tupu itakurusha mpaka unaiogopa breki, maana tairi haligusi chini sawasawa. Kwa hiyo pima. Futi kamba tu, toka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, matairi yote manne, gari ikiwa na mzigo wake. Andika.

Inchi mbili, yaani milimita 50, ndipo ninapoishia kwa gari ya kazi. Zaidi ya hapo mbele sivi joint (viungo vinavyozungusha matairi ya mbele) zinapinda pembe mbaya, mpira wake unachanika, boljoint ya juu (kiungo kinachoshika ami ya juu) inafika mwisho, itabidi ununue ami za juu mpya, yaani mikono ya chuma inayoshikilia tairi, na ushushe difu ya mbele, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi, na gharama haikamatiki. Wanaoweka spesa (kipande cha kuongezea urefu) juu ya shokapu ya mbele waelewe kwamba shokapu imekaa katikati ya ami siyo kwenye tairi, kwa hiyo spesa ya milimita 25 inanyanyua karibu mara mbili yake. Mtu anaweka ya 50 akidhani ni inchi mbili! Nyuma, vitofali kati ya ekseli na springi sivitaki, ekseli inajipinda ukikanyaga mafuta, na shekeli ndefu (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi) inakupa nusu tu ya urefu ulioongeza huku ikigeuza pembe ya difu mpaka propela shafti, ule mti unaopeleka nguvu kwenye difu, inatetemeka. Nunua springi yenye upinde unaostahili. Na shokapu iwe na urefu unaoendana na springi hiyo, fupi ikibaki ndiyo itakayoning'iniza ekseli nzima ukivuka mtaro.

Halafu wengi mnanyanyua ili difu isiguse mawe. Difu ya nyuma haipandi hata milimita moja kwa springi! Inapanda kwa tairi tu. Ukitoka tairi la saizi 265/65R17 kwenda 265/70R17 tairi linaongezeka kipenyo kama milimita 26 na difu inapanda 13. Ndiyo hiyo, na spidi mita itakuwa inakudanganya, inasoma 100 wewe uko kama 103, trafiki mwenye tochi hataki kujua habari za tairi.

Naona muda umekwisha, haya mengine nayapitia haraka. Hilux nyingi zina valvu ya breki nyuma yenye mkono umefungwa kwenye ekseli, ukinyanyua gari ile valvu inadhani pikapu iko tupu na inapunguza breki za nyuma, fundi airekebishe siku hiyohiyo, na aangalie mpira wa breki usivutike. Bushi za mpira zikazwe gari ikiwa imesimama chini kwa matairi yake, siyo inaning'inia kwenye jeki, la sivyo zinajisokota na kupasuka mapema. U-bolti, zile zinazobana springi kwenye ekseli, ziwe mpya, zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Alaimenti, yaani kunyoosha matairi, lazima. Shokapu zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia.

Habari za Hilux za zamani zenye torsheni ba (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya koili) tutaziongea nje, ni hadithi nyingine. Anayetaka kupimiwa kesho asubuhi aje na gari ikiwa na mzigo wake wa kawaida na tenki limejaa, asiipakue ili ionekane nzuri.