Mapengo ya mbele: bustani ya mboga inayopendeza mbele ya nyumba

Haya jamani tukae, wa huko nyuma mnanisikia? Poa. Leo nimeambiwa niongelee mboga mbele ya nyumba, pale kati ya ukuta na barabara ambapo wengi wetu tumejaza nyasi za kufyeka kila wiki halafu hatuzili, na naanza na aibu yangu mwenyewe ili mnielewe vizuri.

Mara ya kwanza nilipanda saladi mstari mzima kando ya njia ya kuingilia, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, zikatoka kama shanga, watu wakipita wanasimama kabisa kuangalia. Si mnajua mgema akisifiwa. Wikiendi moja nikapata wageni, nikatoka na kisu nikakata vichwa 9 vya katikati kwa mkupuo, kesho yake nafungua mlango naona mbele ya nyumba yangu pamekuwa kama mdomo wa mtoto wa miaka 7, meno ya mbele hamna! Na lile pengo likakaa zaidi ya mwezi maana sikuwa na mche hata mmoja wa kuziba.

Hapo ndo nikajua bustani ya mbele na ya nyuma ni vitu viwili tofauti. Kule nyuma vuna unavyotaka, nani anaona. Huku mbele kila unachokula umekitoa usoni. Kwa hiyo swali sio nipande nini kizuri, vizuri viko vingi sana, swali ni nikishavuna panabaki nini pale.

Ndo maana mstari wa mbele mi siku hizi naweka vitu vya kuchuma jani jani tu, sio vya kung'oa. Spinachi ile ya mashina ya rangi, mekundu, ya njano, ya pinki, ile jua la jioni likipita katikati ya mashina utadhani kuna taa imewashwa ndani. Unachuma majani ya nje, unaacha matano sita ya katikati, baada ya siku chache hakuna anayejua ulikula. Na ukipanda mbegu zake usishangae, kile unachoona ni mbegu moja kumbe ni kifurushi, inatoka miche miwili mitatu mahali pamoja, punguza ubaki na mmoja la sivyo zinabanana zinakuwa nyembamba kama njiti. Pasli nayo hivyo hivyo, unachuma inarudi, na inakaa pembeni ya njia kama upindo wa nguo.

Vitu vya kung'oa mzima, karoti, vitunguu, kabichi, weka katikati vizungukwe. Karoti majani yake mazuri jamani, laini kama manyoya, ila siku ya kung'oa imefika ni shimo. Sasa shimo dawa yake ni trei ya miche, yaani kila wiki mbili tatu sia kidogo tu pembeni kivulini, ukitoa kitu asubuhi unachomeka kingine jioni hiyo hiyo. Kama huna trei ya miche mi nakushauri usianze bustani ya mbele, bado.

Nyuma kabisa karibu na ukuta ndo warefu. Bamia hapo, ua lake la njano lenye moyo mweusi mweusi hivi halina tofauti sana na haibiskasi, ni ukoo mmoja, kila ua linakaa siku moja tu lakini kesho lipo lingine. Bilinganya ua la zambarau na tunda la zambarau. Nyanya… nyanya naipenda ila mbele inanitia aibu, mwezi mzuri afu majani ya chini yanaanza njano, madoa, inakauka kutoka chini kwenda juu huku bado inazaa, huwezi kuing'oa na huwezi kuiangalia. Ipeleke ubavuni mwa nyumba.

Kingine ni ukingo. Mtu anayepita barabarani haoni mboga, anaona kwanza ukingo umenyooka au haujanyooka. Matofali, mawe, ubao, chochote, ila mstari usomeke. Kule Ufaransa kuna kasri la Villandry, mwenye nalo alilinunua 1906 akairudisha bustani ya zamani, mboga ziko kwenye miraba 9 inayolingana ukubwa ila kila mmoja na mchoro wake, imezungushiwa vichaka vifupi vilivyokatwa kama kwa rula, na mboga zenyewe hupandwa upya mara mbili kwa mwaka. Ukiangalia ndani ni kabichi tu na vitunguu, uzuri wote umebebwa na ukingo. Tuta lisizidi mita 1.2 kama unalifikia pande zote mbili, likiegemea ukuta sentimita 60 inatosha, ukizidisha utakanyaga udongo na nyayo zitaonekana mpaka barabarani.

Na ulizia sheria za mtaa wako kabla hujachimba, sitanii. Miami Shores kule Florida mwaka 2013 walipiga marufuku mboga mbele ya nyumba, kuna mke na mume walikuwa wamelima pale miaka 17 wakaambiwa ng'oeni au faini dola 50 kila siku, wakang'oa, wakaenda mahakamani wakashindwa, ikabidi jimbo zima litunge sheria 2019 kuzuia serikali za mitaa kukataza mboga. Mboga jamani!

Sasa habari ya jua, fasta fasta. Mbele ya nyumba inatazama inakotazama, hukuichagua wewe, kwa hiyo toka nje saa tatu asubuhi, saa sita, saa kumi, uone kivuli kiko wapi. Vya kuzaa matunda vinataka jua la masaa 6 na zaidi kwa siku, vya majani vinavumilia masaa 4 hivi. Na nyumba ikiwa ya zamani sana ogopeni udongo wa chini ya ukuta, rangi za zamani zilikuwa na risasi (hii madini, sio ya bunduki), zikibanduka zinaanguka hapo hapo na haiondoki, mboga za majani na mizizi ndo za kuogopa zaidi. Pima udongo, au inua tuta kwa udongo mpya uliotoka kwingine.

Naona mkono kule. Mama sema… maboga? Langoni? Hapana mama yangu. Mi nililiweka moja pale, wiki ya saba likavuka njia, likapanda ngazi, mgeni akaja usiku akakanyaga mtambaa mmoja akajikuta kakaa chini na sahani ya watu mkononi. Lipeleke nyuma.