Kunyoa ndevu kwa wembe wa dukani, bila vipele

Asalaam aleikum, na habari za saa hizi. Karibuni uani kwangu hapa Ngamiani, Tanga. Leo tunanyoa ndevu. Nitanyoa zangu hizi, zina siku nne, mbele yenu tangu mwanzo mpaka mwisho. Simu ameshika mpwa wangu, kwa hiyo picha ikitikisika mlaumuni yeye. Mpwa, sogea kushoto kidogo, jua linanipiga kwenye kioo. Hapo hapo.

Kuna msemo sote tumekua nao: mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Tunautumia kuonyana mambo ya dunia, tukasahau kwamba ni maelekezo ya kinyozi kabisa. Msemo haukutaja wembe wa bei kubwa, haukutaja povu la kopo wala marashi. Umetaja maji. Na mimi, baada ya kuuharibu uso wangu miaka mingi, nimekubali kwamba zaidi ya nusu ya kazi imo humo.

Nikupeni kisa. Mkesha wa Idi mmoja nilikuwa na haraka. Nikachukua ule wembe wa plastiki wenye makali matatu, nikajipaka sabuni juu juu, nikakwangua kutoka chini kwenda juu ili uso uwe laini kama wa mtoto. Asubuhi nilikuwa laini kweli, watu wakanisifia. Siku ya tatu shingo nzima vipele, vingine vina usaha, kola ya kanzu ikinigusa nashika ukuta. Picha za sikukuu ile mama anazo, na kila mgeni akija anazitoa.

Haya, vifaa viko kwenye sinia. Hiki ni kishikio cha chuma cha wembe mmoja, kile cha zamani cha kufungua kwa kuzungusha mpini. Kilikuwa cha marehemu baba. Vipya vipo, vya chuma na vya plastiki. Mimi nakuambia tafuta cha chuma, kwa sababu uzito wake unafanya kazi badala ya mkono wako, mtaona. Ukishakinunua umemaliza, kinachobaki ni wembe wenyewe, huu huu wa kwenye karatasi ambao nyumbani tunafumulia nyuzi na kukatia kucha. Pakiti moja ni pesa ya chai na chapati.

Usihofu kwamba wembe wa duka hili hautaingia kwenye kishikio cha babu. Kishikio cha namna hii kilienezwa na Mmarekani King C. Gillette. Mwaka 1903, wa kwanza wa biashara yake, aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu, na hati yake ya ubunifu ikatoka mwaka 1904. Hati ilishakwisha muda zamani, viwanda vya dunia nzima vikaiga umbo lile lile, ndiyo maana wembe wa leo unakaa kwenye kishikio cha baba bila kulegalega. Makali mawili kwenye kichwa kimoja yalikuja sokoni mwaka 1971, halafu matatu, halafu matano, na bei nayo ikapanda ngazi hizo hizo.

Hapa kwenye makali mengi tukae kidogo, maana ndipo uso wa mtu mweusi unapoumia. Ukali wa kwanza ukipita unauvuta unywele, na kabla haujarudi chini, ukali wa pili unaukata. Unywele ukijirudisha, ncha yake inazama chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hakuna neno, utatoka ulivyoingia. Zetu zimejikunja tangu kwenye shina. Ule uliozama unapoota unageuka, unachoma ngozi kwa ndani, na mwili unaupiga vita kama umeingiwa na mwiba. Hicho ndicho kipele. Hata ule ambao haukuzama, ukikatwa kwa ncha kali sana, unaweza kupinda ukaingia tena kwa nje. Kwa hiyo wembe mmoja, unaokata usawa wa ngozi na kuishia hapo, unatufaa kuliko wa bei mara kumi.

Sasa maji. Mimi nimetoka kuoga sasa hivi, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza: nyoa baada ya kuoga, usinyoe kabla. Kama huogi, chukua kitambaa, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu, kikamue kidogo, ukifunike usoni namna hii. Dakika tatu. Zihesabu kwa saa, maana dakika tatu za mtu mwenye haraka ni sekunde arobaini. Unywele mkavu ni mgumu. Ukinywa maji unavimba na kulainika, wembe unapita bila kuvuta. Na hapo unaokoa pesa pia. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani waliutazama wembe kwa hadubini wakati unanyoa, wakaona unywele, ambao ni laini mara 50 kuliko chuma, unaweza kuumegua ukali wa wembe vipande vidogo sana. Umeona? Ndevu ndizo zinazomshinda wembe. Zilainishe kwanza.

Wakati kitambaa kipo usoni mimi hutengeneza povu. Sabuni ya mche iacheni kwenye beseni la nguo, inakausha ngozi. Chukua sabuni ya kuogea iliyo laini, ikiwa na gliserini ni bora zaidi. Paruza vipande kidogo kwenye kikombe cha zamani. Mimi leo nimeazima hiki cha seti ya mwenyewe wa jikoni, tusiseme sana. Tia maji kijiko kimoja, koroga kwa brashi mpaka povu liwe zito kama tui la kwanza. Likiwa na mapovu makubwa makubwa kama ya kufulia, maji yamezidi, ongeza sabuni.

Kuhusu brashi, neno moja kwa ndugu zangu Waislamu. Brashi nyingi za kunyolea za bei ya chini zimetengenezwa kwa nywele za nguruwe. Soma boksi, uliza. Ya nailoni ipo, ni rahisi, na inakauka upesi. Usipopata brashi kabisa, vidole vinatosha, ila sugua kwa kuzungusha ili povu liingie kwenye mashina.

Kabla ya povu natia mafuta ya nazi, matone manne tu, kwenye ndevu zikiwa bado mbichi. Huku kwetu joto haliyaachi yagande, yanatandazika yenyewe. Mafuta yanaufanya wembe uteleze. Ila mtu mwenye ngozi ya chunusi ayapite, yanaziba vitundu, yeye abaki na povu peke yake.

Nimepaka. Mpwa, sogeza simu karibu na shavu, hapa ndipo penyewe.

Kabla hujaweka wembe, pitisha vidole usoni ujue nywele zinalala upande gani. Mashavuni nyingi zinashuka chini. Shingoni usidanganyike: zangu za kulia zinakwenda upande wa sikio, za kushoto zinapanda juu, na chini ya koromeo zinazunguka kama maji ya kisima. Kila mtu na zake. Zichunguze siku ndevu zikiwa na siku mbili tatu, ukariri, hutarudia tena.

Wembe ni mpya, nimeushika kwenye ncha mbili fupi, zile zisizokata, nimeufunga. Namna ya kupata pembe ni hii: laza kichwa cha kishikio shavuni, mpini ukitazama pembeni moja kwa moja kama tawi. Wembe haugusi. Sasa shusha mpini taratibu, taratibu, mpaka usikie wembe umeshika ngozi. Simama hapo hapo. Hiyo ndiyo pembe, kama nyuzi 30. Sasa vuta kidogo kidogo, urefu wa kifundo kimoja cha kidole, kufuata nywele zinakolala. Mmesikia hiyo sauti, kama mtu anaparuza karatasi? Sauti ikiwepo wembe unakata. Ikikatika, pembe imepotea.

Na msikandamize. Wenzetu mliozoea zile za plastiki mtakandamiza, ndiyo mazoea, na hapa ndipo utajikata. Shika mpini kama umeshika yai, uzito wa chuma ushuke wenyewe. Tena usiivute ngozi ikanyooka kama ngoma. Ukiivuta unywele unajitokeza, unaukata, ukiiachia unazama, tumerudi kule kule kwenye vipele. Shika tu isitikisike.

Suuza kishikio kwenye maji kila baada ya mikwaruzo mitatu. Mimi nina ndoo, sina haja ya bomba kumwagika.

Shavu moja limekwisha, lingine hivyo hivyo. Kidevu ndicho chenye kona, kwa hiyo hapo mkato uwe mfupi zaidi. Chini ya pua vuta mdomo wa juu uteremke juu ya meno. Shingoni nimekwenda kwa ramani yangu, kila sehemu kwa upande wake. Polepole jamani, shingo haina msamaha.

Ukipapasa sasa utasikia bado kuna ukakasi kidogo. Hapa pana uamuzi. Kama huna historia ya vipele, paka povu upya, pita mara ya pili, safari hii kwa upande, kutoka sikioni kwenda puani. Usipite pakavu hata siku moja. Kama una historia kama yangu, mashavuni pita mara ya pili, shingoni ishia hapa. Kinyume cha nywele mimi sigusi, hata siku ya harusi. Anayeona ukakasi wa shingo yangu amesogea mno.

Ee, hapa nimejikwaruza. Mnaona damu? Ndogo. Vizuri, nitawaonyesha shabu.

Kwanza osha uso kwa maji ya baridi, futa kwa kugonga gonga na taulo, usisugue. Shabu ni hili jiwe jeupe kama barafu, sokoni kwenye dawa za asili na viungo utalipata, na kipande kama hiki ninacho mwaka wa pili. Lilowanishe, lipitishe uso mzima, lile jeraha ligandamize sekunde chache. Linakaza ngozi na kuifunga damu. Litawasha pale ulipokosea, na hapo ndipo unajifunza: leo limeniwasha chini ya taya, maana yake nilikandamiza. Subiri dakika moja, suuza, kausha jiwe.

Spirit sitii, inakausha. Na ndimu wapo wanaoipaka, hasa wazee wetu. Naomba muiache. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi na jua likaipata, ngozi inaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi kwa wiki nyingi, na jua la kwetu mnalijua. Msimu wa kaskazi, joto likiwa la kutoa jasho hata ukikaa, mimi nanyoa usiku baada ya isha ili ngozi ipumzike kabla ya jasho la kesho. Na kama unakwenda kuogelea Raskazone, nyoa ukirudi. Chumvi kwenye uso ulionyolewa sasa hivi utaikumbuka.

Mwenye vipele tayari asikimbilie kunyoa. Ziache ndevu ziote wiki tatu nne, au pitisha mashine ya umeme ubakize kivuli kidogo. Usivitumbue kwa kucha wala kuvichimbua kwa sindano. Vikigeuka makovu magumu yanayovimba, hasa kisogoni, nenda hospitali, Bombo au kituo chochote kilicho karibu, ukaonwe.

Wembe sasa. Fungua, suuza, kung'uta maji, weka pakavu. Upepo wetu wa bahari una chumvi, ukiuacha ubichi utakuta kutu. Mimi naupaka tone la mafuta ya nazi. Ndevu zangu wembe mmoja unanifikisha mara nne, ya tano unaanza kuvuta, nautupa. Na wembe wa mtu ni wa mtu. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kubaki hai nje ya mwili siku 7, na damu yenyewe huenda hata usiione. Ndugu yako wa tumbo moja mpe wembe mpya, usimpe wako. Na kwa kinyozi, sema bila haya: fungua karatasi nione.

Uliokwisha usitupwe kwenye mfuko wa taka, mzoa taka ana mikono. Hili ni kopo la dawa, nimelitoboa mfuniko upana wa wembe, zinaingia hazitoki. Liweke juu. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini wahenga hawakuwa na watoto wangu.

Ukiniuliza usichokielewa, andika hapo chini na useme ndevu zako zinalala vipi. Mpwa, wewe unacheka nini? Hicho kidevu chako ni malaika watupu, rudi mwakani. Haya, zima simu upesi, nikaoshe hiki kikombe, nasikia geti.