Miguu yetu na kiangazi cha Goma: kukinga maumivu ya kisigino na kifundo

Jambo zenu wamama na wababa, na ninyi vijana mlioketi huku nyuma.

Mvua inakaribia kukatika. Kuanzia Juni hadi Agosti matope ya Goma hugeuka vumbi, na kila alfajiri barabara hujaa watu wa mchakamchaka. Wiki ya kwanza wote wana furaha. Ikifika wiki ya tatu au ya nne, huyu analalamika kisigino, yule kano ya nyuma ya mguu, mwingine kifundo kimevimba. Wengi husingizia umri. Mara nyingi kosa ni haraka.

Moyo na mapafu hujirekebisha upesi. Baada ya wiki chache tu unaona huhemi tena kama mwanzo. Kano na mifupa huenda polepole, kwa miezi. Basi kuna kipindi ambacho pumzi inakuruhusu kufanya kazi ambayo kisigino hakijawa tayari kuibeba, na hapo ndipo watu wanapoumia. Ukikimbia, kila hatua inaubebesha mguu mmoja mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mwenye kilo 70 hupiga chini kwa kilo 140 hadi 210, na kilomita moja ya mwendo wa polepole ina zaidi ya hatua elfu moja.

Kwa hiyo anzeni hivi. Siku tatu kwa wiki, zisizofuatana. Tembea dakika 5, kisha kimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara 8. Mwendo uwe ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika. Baki hapo wiki mbili hata kama unajisikia simba. Wiki ya tatu, dakika 2 kwa 2. Wiki ya nne usiongeze chochote. Baadaye ongeza kitu kimoja tu kwa wakati: ama muda, ama kasi, ama mlima. Na kazi ya mchana nayo ihesabiwe. Mama aliyepanda kutoka ziwani na bidoni la lita 20 mgongoni amekwisha kufanya mazoezi ya siku hiyo. Asilazimishwe kukimbia jioni.

Sasa kisigino, kwa sababu ndicho kinachosumbua wengi. Unaamka, unashusha mguu kitandani, hatua ya kwanza inachoma kama umekanyaga msumari. Ukitembea kidogo panalegea. Huo ni utando mnene unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Usiku wayo unalala umenyooka, utando unakaza, na hatua ya kwanza inauvuta ghafla. Kabla hujashuka kitandani, weka mguu juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwenye muundi. Kwa dole gumba la mkono mwingine papasa chini ya wayo: ukigusa kitu kilichokaza kama kamba ya gitaa, umevuta vya kutosha. Shikilia sekunde 10, rudia mara 10. Kisha vaa kiatu. Usikanyage saruji pekupeku.

Hiyo inatuliza. Kinachoimarisha ni kupanda kwa vidole. Kunja taulo, liweke ukingoni mwa ngazi, vidole viwe juu yake na kisigino kining'inie. Panda kwa sekunde 3, simama juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Mara 12, seti tatu, siku moja ukiacha moja. Kosa ninaloliona zaidi ni kudondoka badala ya kushuka, na kushuka polepole ndiko kunakojenga kano. Miguu miwili ikizoea, tumia mmoja. Mmoja ukizoea, beba begi lenye vitabu. Seti moja ifanye goti likiwa limekunjwa kidogo, ili msuli wa ndani wa shavu la mguu nao ufanye kazi.

Viatu. Wengi wetu tunanunua mitumba, na hakuna ubaya mradi ukague. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikiinama upande mmoja, kirudishe. Bana sehemu ya kisigino. Isibonyee kama karatasi. Kikunje: kikunjike penye vidole, si katikati. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imekufa hata kama juu kinang'aa. Nenda sokoni jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ujaribu ukiwa umesimama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kambambili ni za kuogea. Ukienda nazo mbali, vidole vinakaza muda wote kuzishikilia, na wayo unalipa.

Kuhusu ardhi yetu. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, nasi tukajenga juu yake. Vichochoro vingi ni mawe yaleyale, yenye ncha na mashimo. Mguu ukitua ukingoni mwa jiwe, wayo unageukia ndani na kano za nje ya kifundo zinavutika au kuchanika. Kimbilieni lami au uwanja wa shule, kukiwa kumepambazuka. Lami nayo imeinama kandokando ili maji yatoke, kwa hiyo anayekimbia daima upande wa kushoto akitazamana na magari, mguu wake wa kushoto hukanyaga chini zaidi. Angalau siku moja kati ya tatu tafuta uwanja tambarare.

Ukiteguka: maji baridi au barafu ndani ya kitambaa, dakika 15, mara kadhaa kwa siku; bandeji isiyobana hadi vidole kufa ganzi; mguu uwe juu kuliko moyo. Nawasihi sana, siku tatu za kwanza msikandwe kwa maji ya moto wala kunyooshwa kwa nguvu. Mnaongeza damu na uvimbe ndani. Maumivu yakipungua, andika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu.

Huwezi kutembea hatua nne? Mfupa wa kifundo unauma ukiubonyeza kwa nyuma? Nenda ukapigwe radiografi. Vilevile maumivu ya sehemu moja ndogo juu ya wayo yanayozidi kila unapokimbia: huenda mfupa umeingia ufa. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni, kwa maana anaweza kuwa na kidonda asikisikie.

Maumivu madogo, tuseme 3 kwa 10, yanayoisha kufikia kesho asubuhi, yanavumilika. Ukiamka nayo bado, punguza.

Sasa vueni viatu, simameni, kila mmoja na mkono juu ya kiti. Inua mguu wa kushoto. Achia kiti. Sekunde 30, macho wazi. Mnaona kifundo kinavyotikisika? Kinajifunza. Aliyewahi kuteguka ataona upande ule unayumba zaidi. Huo aufanyie mara mbili kila siku, hata anapopiga mswaki. Wanaoweza, fumbeni macho. Haya, mguu wa pili.