Chai Nimemaliza, Nasubiri Nusu Saa Nijipime Presha

Haya, shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, marahaba kabisa, najua mlikuwa mnataka kuniamkia. Mnaniona nywele timtim na macho mekundu, msiogope, sijalia. Nimetoka zamu ya usiku. Niliingia wodini jana saa moja na nusu jioni, nimetoka saa mbili asubuhi, basi likachelewa, na hapa Leeds, Uingereza, manyunyu hayajakatika tangu juzi. Nimefika, nimekunywa chai yangu ya rangi na tangawizi. Hii mnayoiona hapa mezani ni mashine ya presha. Nataka kujipima, ila ukishakunywa chai au kahawa unatakiwa usubiri nusu saa, la sivyo namba inakudanganya. Nikasema nusu saa nzima nikae naangalia ukuta? Acha niwashe kamera.

Wanaotaka habari za mtihani wa Kiingereza na viza, nimeshaeleza kwenye video za nyuma, tafuteni. Leo nazungumzia mwili wangu.

Mwaka jana, usiku mmoja, kama saa kumi alfajiri hivi. Manesi mnaonisikiliza mnaijua saa kumi. Wagonjwa wamelala, taa zimepunguzwa, nyayo zinawaka moto, na ripoti ya asubuhi hujaianza. Tulikuwa na mwanafunzi, binti mdogo, anajifunza kupima presha kwa ile mashine ya kupampu kwa mkono na kusikiliza kwa stetoskopu. Nikamwambia njoo, jifunzie kwangu. Akapima, akanyamaza. Akapima tena. Akasema kwa sauti ya chini, samahani, labda nimekosea. 168 kwa 104.

Mnajua nilijibu nini? Mashine mbovu.

Jamani, miaka 19 niko kwenye kazi hii. Nimesikia wagonjwa kuanzia Tanga mpaka huku wakiniambia mashine mbovu, nami nawacheka kimoyomoyo. Leo zamu yangu. Tukaleta ya umeme: 164 kwa 102. Basi mashine mbovu zikawa mbili.

Na sikuwa naumwa. Kichwa hakiumi, macho sioni nyota, moyo haudundi. Ndivyo presha ya kupanda ilivyo, inakaa kwako kama mpangaji asiyepiga kelele. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2021: watu wazima wa miaka 30 hadi 79 wenye presha ni kama bilioni 1.28 duniani, na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Mimi hesabu hiyo nilikuwa naifundisha wengine. Kumbe nimo ndani.

Daktari wangu wa hapa mtaani akanivalisha kamashine ka kukaa nako saa 24. Mchana kanabana mkono kila nusu saa, uko wapi hakajali. Niko dukani nachagua bamia, kakaanza kuvuma vuuu, mama mmoja akarudi nyuma hatua mbili. Majibu yalipotoka hapakuwa na la kubisha. Nikaanzishiwa amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Kinanivimbisha kifundo cha mguu kidogo jioni, tumezoeana.

Sasa sababu. Urithi upo: mama anayo, na baba ndiyo iliyomuondoa, nitafika huko. Chumvi ipo. Usiku unakula nini? Kripsi, tambi za kumwagia maji ya moto, biskuti za wagonjwa (msiniripoti). Chumvi inayoshauriwa kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani hata kijiko cha chai hakijai, na mimi nilikuwa namaliza hiyo kabla ya usiku wa manane.

Lakini kuna jambo jingine, na nalisema kwa heshima zote. Mkataba wangu ni zamu tatu kwa wiki, kila moja saa 12 na nusu. Nikawa napiga tano. Za ziada ni za nini? Mabati ya mjomba. Ada ya muhula wa pili. Kadi ya mchango wa harusi inaingia WhatsApp, jina langu limeshaandikwa na kiasi kimeshajazwa, bwana harusi mwenyewe simjui kwa sura. Nalala saa tatu asubuhi, saa tano simu inaita, "Dada umelala? Samahani, ni jambo dogo tu." Jambo dogo ni laki tatu.

Simlaumu mtu. Kila zamu niliyochukua niliikubali kwa mdomo wangu mwenyewe, na raha nayo ilikuwepo, ile ya kuitwa dada mkubwa anayeweza. Ile raha nadhani ndiyo iliyonipandisha kuliko chumvi. Sasa nachukua zamu moja ya ziada kwa mwezi, basi. Binamu mmoja kaandika kwenye kundi la familia kwamba Uingereza imenibadilisha. Nimesoma, nikazima simu, nikalala mpaka saa kumi jioni. Kama mnaniuliza najijali vipi, ndiyo hivyo: kidonge baada ya mswaki, na simu kuzimwa. Mishumaa ya kunukia sina.

Haya, mama yangu. Nilipojijua nikanunua mashine mbili, moja hii, moja nikampa mtu anayeshuka Dar, ikapandishwa basi mpaka Tanga. Mama yeye dawa alikuwa anameza siku kichogo kikimuuma tu. Kikitulia anaziweka kwenye kopo, eti akiba. Nikamwambia mama, hii siyo panado. Unameza kila siku, unajisikia vizuri au vibaya, mpaka daktari aseme vingine.

Mashine ikafika Makorora, na ndani ya wiki baraza ya mama ikawa zahanati. Watu wametoka sokoni wanahema, mkanda unafungwa juu ya mkono wa dera, anayepimwa anasimulia msiba wa jana, na mama anatangaza namba kwa sauti kama matokeo ya Simba na Yanga. "Mama fulani, 170!" Jirani mmoja hakurudi tena. Nilimuelewa. Namba ya mtu ni siri yake, hata kama mko barazani.

Halafu ukatokea mchezo ulioninyima usingizi. Mzee mmoja kapimwa, 190 kwa 115. Mama kwa huruma zake kafungua kopo la akiba, kampa vidonge vyake viwili. Ananisimulia kwenye simu kwa fahari! Nikamwambia mama, hapana, tena hapana. Dawa yako imeandikwa kwa mwili wako. Hujui figo zake, hujui anameza nini kingine, na presha iliyokaa juu miaka haishushwi kwa kishindo, unaweza kumuangusha. Huyo ni wa hospitali, leo hii. Wakampandisha bodaboda mpaka hospitali ya Bombo. Yuko hai, anahudhuria kliniki, na mama haninunii tena.

Nilifoka kwa sababu ya baba. Baba alianguka akitoka kuswali alfajiri, mimi nikiwa kazini mkoa mwingine. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukafa, maneno hayatoki. Wazee wakasema ni upepo, kapitiwa. Akasomewa, akafukizwa, siku mbili zikaisha ndipo akapelekwa hospitali. Kiharusi kinahesabiwa kwa dakika. Mimi nesi, baba yangu siku mbili. Kumsomea sikatai, hata mimi ningemsomea. Msomeeni ndani ya gari, likiwa njiani.

Kwa hiyo mama sasa ana masharti, nimemuandikia kwenye karatasi, iko ukutani. Mtu akae dakika tano kwanza, kimya. Mgongo uegemee, nyayo zote mbili chini, hakuna kukunja nne. Kibofu kiwe kitupu. Mkanda juu ya ngozi, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Unapima mara mbili, katikati unaacha dakika moja. Ukipima nyumbani, 135 kwa 85 kwenda juu ikijirudia siku kadhaa, nenda kituoni. Ya kituoni wanaangalia 140 kwa 90. Na namba inaandikwa kwenye daftari la mwenyewe, haitangazwi.

Kilichonifurahisha ni yule mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao. Mnakumbuka Januari 2024 serikali ilizindua ule mpango wa kuwa na wahudumu kama yeye zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Huyu binti akasikia habari za baraza, akaja akitembea. Sasa anapita kila Alhamisi, mama anapika maandazi, yeye anapitia madaftari na kuwafuatilia waliokatisha dawa. Nilimuuliza kwenye simu, na wewe mwenyewe umeshajipima? Akacheka. Nikamwambia usicheke, mwanangu, funga mkanda. Mashine yake haikuwa mbovu, alhamdulillahi, 118 kwa 76.

Nusu saa inakaribia. Bado zile dakika tano za kukaa kimya, na mnanijua, kamera ikiwa inawaka mimi kunyamaza siwezi. Namba yangu sitawaambia, masharti ni masharti. Nawazima.