Kusaka Hazina Mji Mkongwe: mchezo wa vijana 30 Bagamoyo

Ndugu walezi, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Nimeombwa nizungumzie mchezo wa kusaka hazina, ule wa vijana kufumbua mafumbo kituo hadi kituo. Mchezo huu hufa kabla ya filimbi ya kwanza, na anayeuua ni mwandaaji aliyeupanga akiwa kwenye kiti.

Chukueni vijana 30: timu 5 za watu 6. Vituo navyo 5, vyote vya kufikika kwa miguu: Caravan Serai (kituo cha kale cha misafara), Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, nyumba ya forodha, soko la samaki. Misheni ya Wakatoliki iacheni, kwenda na kurudi tu kutakula muda mwingi. Kaole, kwenye magofu, ndiyo kabisa, ni kilomita kama 5, hiyo ni safari ya siku nyingine.

Timu zote zikianzia kituo kimoja, ya kwanza hufumbua na nne nyingine humfuata nyuma kama bata. Kwa hiyo kila timu ianze kituo chake, kisha wote wazunguke upande mmoja. Hapo fumbo la Ngome humpeleka kila mtu Boma, la Boma humpeleka kila mtu forodhani, na la soko la samaki huwarudisha Caravan Serai. Unahitaji mafumbo 5 tu, si 25. Timu itajuaje imemaliza? Kila kituo kinatoa kadi yenye herufi moja: N, G, O, M, A. Ukiwa na kadi 5, unarudi. Tena sisitizeni kadi, maana aliyepata N, G na O keshakisia ngoma, na atakuja mbio kudai zawadi akiwa hajafika nusu ya mji.

Kwenye mafumbo ndipo pa kutokwa jasho. Ukiuliza Boma lilijengwa mwaka gani, simu itajibu 1897 kabla hujafunga mdomo. Lakini ukisema, "Simameni mkilikabili Boma, hesabuni matao ya chini," simu haina jibu, miguu inalo. Wewe mwenyewe ukahesabu wiki hiyohiyo, usitegemee picha. Majengo haya hubomoka na kukarabatiwa. Na tegeni kwa lugha yetu. Pale Misheni kuna mbuyu uliopandwa 1868, mnyororo umezama ndani ya shina. Siku mkicheza huko, fumbo ni hili: "Kitendawili! Nilifungwa mnyororo, nikaumeza." Wataitikia tega, halafu watanyamaza, halafu mmoja atapiga kelele.

Kadi msigundishe ukutani wala msipigilie msumari. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa; plasta hutoka na kadi yako. Awekwe mtu mzima kila kituo, ndiye ashike kadi. Waulizeni wahusika wa mambo ya kale kama kuna ada ya kuingia. Kama hamna fungu, kituo kiwe nje ya lango. Serikali ya mtaa ipewe taarifa kwa maandishi, wazazi watie saini. Hilo halina mjadala.

Sasa bahari. Mtu anakuja Jumamosi ya bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, kukagua, saa nne asubuhi, maji yamekupwa, mchanga mpana, anasema, "Hapa ndipo pa kuficha kadi." Mchezo ni Jumamosi inayofuata. Wiki imepita, sasa ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa nne ileile bahari imejaa. Kadi iko chini ya maji na vijana wamevua viatu kuifuata. Muulizeni mvuvi yeyote, atawahesabia kwa mwezi. Njia salama ni kuweka kituo juu, mchanga ukiwa mkavu siku zote. Na pale sokoni msisimame njiani wakati wa mnada. Watu wako kazini.

Kugawa timu kwa kuhesabu moja mpaka tano hakufai. Vijana wa miaka 15 hupanga foleni upya ukigeuka kidogo, na marafiki wanakutana timu moja. Tieni vipande 30 vya kitambaa, rangi 5, kwenye mfuko, kila mmoja achomoe. Mlezi wa timu atembee nyuma, akiwa kimya. Mlezi anayejibu mafumbo huwaudhi vijana kuliko jua.

Msishindanishe mbio, kuna bodaboda. Kila jibu sahihi alama 10, na timu inayofika pungufu ya watu 6 haipewi kadi mpaka wakamilike. Kanuni hiyo moja huwapunguza mwendo kuliko hotuba.

Muda: kituo dakika 10, mwendo dakika 8, jumla 90. Ongezeni nusu saa, maana watu 6 hutembea taratibu kuliko wewe uliyekagua peke yako. Anzeni saa moja na nusu, mmalize saa tatu na nusu kabla jua halijakolea. Maji lita 1 kwa kijana. Ndoo 2 za lita 20 zenye koki zinatosha, na walezi wanapata. Ikifika saa tatu na robo, mtu mzima wa kituo apige filimbi, atoe kadi kwa alama 5 badala ya 10, timu isogee. Chai na vitumbua viwe vimeshafika, si vinakaangwa.